Lenzi Kuukuu kwenye Kamera ya Kisasa: Tujifunze Kabla ya Kununua

SOMO LA VIKUNDI

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze kueleza kazi ya lenzi, kuipima lenzi ya zamani kabla ya kutoa pesa, na kuitumia kwa furaha na kwa heshima ya watu.



Ikiwa kikundi chenu kina kamera ya kidijitali ya SLR, au mnafikiria kununua ya mtumba, somo hili ni lenu. Kampuni kubwa kama Canon na Nikon zimehamia kamera zisizo na kioo ndani, kwa hivyo zile za kioo sasa zinapatikana kwa bei ya chini. Kikundi kinaweza kupata mapato kidogo kwa kupiga picha za harusi, za ubatizo na za familia.

Lakini shida moja hujitokeza haraka. Picha za mchana uwanjani zinatoka safi. Zile za jioni kanisani, au za mkutano ndani ya nyumba yenye taa moja, zinatoka zimetikisika. Hapo mtu anasimama na kusema, "Hii kamera ni mbovu, tuchange tununue nyingine." Ngojeni kwanza! Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Pesa za kikundi ni jasho la watu, na mara nyingi kamera haina makosa. Kinachohitajika ni lenzi inayofaa na mkono uliofundishwa.

1. Kamera inafanyaje kazi?

Mwanga huingia kwa lenzi. Nyuma ya lenzi kuna kioo kilichoinama, kinachorusha mwanga juu mpaka kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinainuka, pazia linafunguka, na mwanga unaangukia sensa iliyo nyuma. Zamani mahali pa sensa palikuwa na filamu. Lenzi yenyewe haijui kama nyuma yake kuna filamu au sensa. Ndiyo maana lenzi iliyotengenezwa mwaka 1975 inaweza kupiga picha nzuri leo, ikiwa imetunzwa.

2. Tundu la lenzi

Ndani ya lenzi kuna tundu linalofunguka na kufungwa kama mboni ya jicho. Vipimo vyake ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Namba ndogo ni tundu kubwa. Kila hatua ya kupanda inapunguza mwanga kwa nusu.

Sasa tufanye hesabu. Lenzi inayokuja na kamera nyingi ni ya milimita 18 hadi 55. Ukiivuta mpaka 55, tundu lake kubwa kabisa kwa kawaida ni 5.6. Lenzi nyingi za zamani za milimita 50 hufunguka mpaka 2. Kutoka 5.6 hadi 2 ni hatua tatu, yaani mwanga mara 8. Pale ulipohitaji spidi ya 1/15 ya sekunde, na mkono ukatikisika, sasa unapiga kwa 1/125. Picha inatulia, bila flashi ya kuwamulika watu machoni wakiwa katika sala.

Jueni pia hasara yake. Kwa tundu la 2, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba sana. Ukilenga sikio, macho yanafifia. Lenga macho kila mara. Kwa kikundi kilichosimama mistari miwili, funga tundu mpaka 5.6 au 8.

Halafu, sensa za kamera nyingi za bei nafuu ni ndogo kuliko filamu ya milimita 35. Kwa hivyo lenzi ya 50 inaona kama ya 75 kwa Nikon na Pentax, na kama ya 80 kwa Canon. Hiyo ni nzuri kwa uso wa mtu mmoja, lakini ndani ya chumba kidogo haitatosha watu wote. Basi msiiuze ile lenzi ya kisasa: ya kisasa ni ya umati na haraka, ya zamani ni ya nyuso na mwanga mdogo.

3. Je, itaingia?

Si kila lenzi inaingia kwa kila kamera. Angalieni mdomo wa kamera yenu:

- Nikon: Mdomo huu ulianza mwaka 1959. Lenzi zilizotengenezwa kabla ya 1977 zinaweza kuvunja kijipini cha pembeni katika baadhi ya kamera, kwa hivyo muulize fundi kwanza. Kamera ndogo kama D3100 hukubali lenzi za zamani, lakini haitakupimia mwanga.
- Pentax: Lenzi za mdomo wa K, ulioanza mwaka 1975, zinaingia moja kwa moja kwa kamera zao zote za kidijitali za SLR.
- Canon: Mdomo wa EOS ulianza mwaka 1987. Lenzi zao za kabla ya hapo, za FD, haziingii vizuri.
- Lenzi za skrubu, ziitwazo M42: Mdomo wake una upana wa milimita 42. Mifano ni Helios 44-2 ya Urusi ya wakati wa Kisovieti, na Takumar za Pentax. Zinaingia kwa Canon na Pentax kwa kutumia pete nyembamba ya kuunganishia. Kwa Nikon, pete isiyo na kioo itakuwezesha kulenga vitu vya karibu tu. Mlima wa mbali hautaonekana vizuri.

Ukiweka lenzi na kuhisi inakwama, usilazimishe.

4. Pima kabla ya kulipa

Nendeni wawili, mkiwa na tochi na kamera yenu.

a) Mulika lenzi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iacheni. Vumbi kidogo si neno.
b) Angalia mikwaruzo. Ule wa kioo cha nyuma unaharibu picha zaidi kuliko ule wa mbele.
c) Zungusha pete ya tundu. Vipande vya ndani vifunguke na kufungwa bila kukwama, na visiwe na mafuta.
d) Zungusha pete ya kulenga. Iende laini, isilegee.
e) Piga picha hapo hapo, uikuze kwenye skrini.

Kuvu hupenda unyevu. Walio Pwani na karibu na Ziwa wawe waangalifu zaidi. Msifungie lenzi ndani ya mfuko wa ngozi kabatini. Iwekeni katika kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na msiielekeze lenzi kwa jua. Inakusanya moto kama kioo cha kuwashia.

5. Tuanze kupiga

Weka kamera kwenye M. Kamera nyingine hukataa kubonyezwa kwa kuwa hazioni lenzi. Tafuta kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi. Washa skrini, kuza sehemu ya macho, zungusha pete polepole mpaka kope zionekane. Kisha piga.

Kuna kanuni ya wapiga picha wa filamu ambayo bado inafaa: kwenye jua kali, tundu liwe 16, ISO 100, spidi karibu 1/100. Kivulini, fungua tundu hatua tatu mpaka 5.6. Angalia skrini, rekebisha, rudia. Zamani kosa lilikula filamu. Leo kosa ni bure, basi vijana na wazee wajaribu bila woga.

6. Furaha na heshima

Lenzi ya mkono haina haraka. Unakaa na mtu, unamtazama, mnaongea, anacheka, ndipo unapiga. Hapo ndipo raha ya kazi hii ilipo, na ndipo uso wa kweli unapatikana.

Mkenya Mohamed Amin alipiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, na dunia ikatoa msaada. Picha ina nguvu kiasi hicho. Kwa hiyo inaweza pia kumwaibisha jirani. Kila uso umeumbwa kwa mfano wa Mungu. Usipige kabla ya kuomba ruhusa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda hata picha inayomtambulisha mtu, na kwa mtoto ni mzazi au mlezi anayekubali. Mama anayepokea unga wa msaada ana haki ya kukataa, na bado apewe unga wake.

Maswali ya kujadiliana

1. Kamera yetu ina mdomo gani? Lenzi gani zinaingia?
2. Picha zetu mbaya zilipigwa kwa tundu na spidi gani? Je, tunahitaji lenzi, au mazoezi?
3. Nani atatunza kamera, na atasaini wapi ikitoka?
4. Je, kuna mtu tuliyempiga picha bila kumwuliza? Tufanye nini?

Kazi ya mwezi: Kila mwanakikundi apige picha moja ya mzee wa kijiji, karibu na dirisha, bila flashi, kwa ruhusa yake. Mwezi ujao zilinganisheni pamoja, na mzee apelekewe nakala yake bila malipo. Mweka hazina asitoe shilingi ya lenzi yoyote kabla ya kazi hii kufanyika.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.