Askari Wasiofanana: Aina za Seli T na Ndigana Kali katika Bonde la Ufa

Vitabu vya shule na mabango ya zahanati huzitaja chembechembe nyeupe za damu kuwa askari wa mwili. Sitiari hiyo imewafundisha wengi, ila ina upungufu mmoja mkubwa: humfanya msomaji adhani kuwa askari wote hubeba silaha moja. Makala haya yanazichunguza seli T, ambazo ni sehemu tu ya jeshi hilo, kwa kuuangalia ugonjwa unaofahamika vyema na wafugaji wa Njoro, Rongai na Naivasha. Aidha, yanapima uwezo wa istilahi za Kiswahili kuzibainisha seli hizo.

Seli T huzaliwa katika uboho na kukomaa katika thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Herufi T imetokana na jina la tezi hiyo. Jamaa zao, seli B, hutoa kingamwili, yaani protini zinazoelea katika damu na kumnasa adui angali nje. Adui akishajificha ndani ya seli, kingamwili hazimfikii. Hata hivyo, seli za mwili huonyesha juu ya utando wake vipande vya protini zilizomo ndani, mithili ya mwenye duka anayeanika bidhaa mlangoni. Seli T zenye alama ya CD8 hupita zikikagua vipande hivyo, na zikikuta kilicho kigeni huiua seli nzima pamoja na mgeni wake. Zile zenye alama ya CD4 kwa kawaida haziui. Husoma vipande vinavyoonyeshwa na seli maalumu zilizommeza adui, kisha hutoa kemikali zinazoziamsha seli B, CD8 na nyinginezo.

Ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana, huletwa na kimelea Theileria parva anayeenezwa na kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia. Kimelea huyu ana ujasiri wa ajabu: huingia ndani ya chembechembe nyeupe zenyewe, zikiwemo seli T, na kuzilazimisha zigawanyike ovyo, naye akigawanyika pamoja nazo. Tezi zilizo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na ng'ombe wa gredi asiyetibiwa mapema aghalabu hufa katika majuma machache. Huu si uvamizi wa kambi kutoka nje; adui amevaa sare ya askari.

Ni nani basi anayeweza kumtoa? Mwaka 1994 watafiti wa maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo jijini Nairobi, ILRAD, walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa ndama pacha wa kufanana. Seli zilichukuliwa kutoka kwa pacha aliyekwisha kupata kinga, akatiwa mwenzake asiye nayo. Ulinzi ulihamia pamoja na seli za CD8. Zilipoondolewa, ulinzi nao ukatoweka. Pacha walihitajika kwa sababu seli T husoma vipande vikiwa vimewekwa juu ya protini ambazo hutofautiana kutoka mnyama mmoja hadi mwingine.

Matokeo hayo yanaeleza kwa nini chanjo iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970 hutumia vimelea hai. Ng'ombe huambukizwa kwa makusudi na papo hapo hudungwa dawa ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini. Kimelea aliyekufa hangeingia ndani ya seli, na CD8 zisingepata cha kusoma. Uhai huo una gharama: chanjo lazima ihifadhiwe katika naitrojeni ya kimiminika hadi shambani.

Nyati wa Ziwa Nakuru na wa Soysambu ni suala jingine. Nyati hubeba kimelea huyu bila kuugua, lakini aina zake ni nyingi na vipande vyake hutofautiana. CD8 zilizofunzwa na chanjo huenda zisivitambue. Mfugaji aliyeambiwa tu kwamba askari wa ng'ombe wake wamekwisha kufunzwa ana haki ya kudhani kuwa josho halina kazi tena. Akielezwa kuwa kila seli hutambua kipande chake mahsusi, atajua kwa nini jirani wa nyati hana budi kuendelea kuogesha mifugo. Isitoshe, chanjo hii haizuii ndigana baridi.

Upande wa istilahi, CD8 zaweza kuitwa seli T angamizi bila utata. CD4 huitwa seli T saidizi, na hapa pana tatizo. Katika matumizi ya Kenya, msaidizi ni mtu wa chini ya mwingine. Asipokuwepo, kazi huendelea. Virusi vya UKIMWI vimethibitisha kinyume chake: hushambulia hasa CD4, na idadi yake ikishuka chini ya 200 katika mikrolita moja ya damu, ulinzi wote huyumba. Pengine seli T ratibu lingekuwa jina la haki zaidi. Kundi la tatu huzuia askari wasiushambulie mwili wenyewe. Shimon Sakaguchi alilibainisha mwaka 1995, na mwaka 2025 akashiriki Tuzo ya Nobeli na Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Seli T tulizi ni jina linaloeleweka mara moja.

Lipo kundi jingine ambalo wataalamu hulitaja kwa herufi za Kigiriki gama na delta. Kwa binadamu ni sehemu ndogo tu ya seli T zilizomo damuni, lakini kwa ndama huweza kufikia nusu. Kundi hilo bado halina jina la Kiswahili lililokubalika.