Kutofautisha Moshi na Vumbi katika Picha za Setilaiti

Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kutazama rangi peke yake. Moshi mzito na vumbi vyote huweza kuonekana vya hudhurungi. Kabla hujajibu, jiulize: utando huu umeanzia wapi?

Dalili za kutafuta

1. Moshi wa moto wa nyika huanzia mahali padogo, kisha hupanuka kufuata upepo. Vifaa vya kupima joto vya setilaiti hutambua moto wenyewe, nao huonyeshwa kwa nukta nyekundu.
2. Vumbi huinuka kutoka eneo pana na kavu, kama jangwa. Halina nukta za joto.
3. Mawingu mazito ni meupe, na huficha kabisa ardhi iliyo chini yake.

Kumbuka: wingu likiufunika moto, nukta huenda isionekane. Tumia dalili zaidi ya moja.

Aina mbili za setilaiti

Terra na Aqua za Marekani hupita karibu na ncha za dunia, zikiwa juu takriban kilomita 700. Huonyesha mambo kwa undani, lakini hupita mahali pamoja mara chache kwa siku. Meteosat za Ulaya zipo juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000. Hutazama upande uleule wa dunia na kupiga picha kila baada ya dakika chache, hivyo hufaa kufuatilia mwendo wa utando.

Mifano ya kutaja

Juni 2020, vumbi la Sahara lilivuka Atlantiki hadi visiwa vya Karibi. Juni 2023, moshi wa moto wa misitu ya Quebec, Kanada, ulifika New York.

Swali

Picha inaonyesha utando wa hudhurungi ukitoka jangwani kuelekea baharini, bila nukta nyekundu.
(a) Utando huo ni nini? (alama 1)
(b) Toa sababu mbili. (alama 2)
(c) Kwa nini picha hiyo pekee haithibitishi kwamba watu wa pwani wanavuta hewa chafu? (alama 2)

Majibu

(a) Vumbi.
(b) Limetoka eneo pana na kavu; hakuna nukta za joto.
(c) Setilaiti hutazama kutoka juu, na vumbi laweza kuwa kilomita kadhaa juu ya vichwa vya watu. Vipimo vya hewa vya ardhini vinahitajika.