Kuhamisha Mashine Pepe kutoka Moshi

Swali: Ushirika wa kahawa mjini Moshi unawezaje kuhamishia mashine pepe yake kwenye seva za kukodi Cape Town bila kusimamisha kazi?

Jibu: Mashine pepe, yaani kompyuta kamili iliyohifadhiwa kama faili na kutumia nguvu za seva halisi, huhama kwa kunakiliwa diski yake, na diski ya gigabaiti 500 ikipitia laini ya megabiti 20 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 55, kwa hiyo nakala kuu hutangulia mashine ikiendelea kufanya kazi, kisha mabadiliko ya mwisho hufuata usiku, mizani ya kahawa ikiwa imefungwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo huweka masharti kabla majina ya wakulima hayajavuka mpaka. Mashine ya zamani isifutwe hadi hesabu za msimu mzima zilingane.