Muhuri Hautoshi: Jina Liulizwe kwenye Tablo ya Oda

Mubi, teritwari ya Walikale nchini Kongo (RDC), ni mji wa biashara. Kasiteriti inapimwa, dola zinahesabiwa, magunia yanashushwa. Kodi inapokaribia, ushirika au duka kubwa huanza kumtafuta mtu wa kupanga vitabu, na hapo ndipo anapotokea bwana mwenye muhuri wa duara anayejiita "expert-comptable". Wengi hawamuulizi kitu. Aulizwe.

Sheria namba 15/002 ya tarehe 12 Februari 2015 iliunda Oda ya Taifa ya Wahasibu Wataalamu, ONEC. Cheo cha expert-comptable ni cha aliyeandikwa kwenye tablo, yaani orodha rasmi, ya Oda peke yake. Diploma ya Leta ya Commerciale et Gestion haikitoi. Licence ya chuo cha biashara cha ISC Goma nayo haikitoi, hata ikiwa na alama za juu: baada yake kuna masomo mengine, staji na mitihani, na masharti yake yanaelezwa na Oda yenyewe. Mhasibu aliyeajiriwa kushika vitabu vya kampuni moja hana kosa. Kosa ni kuwauzia watu kazi kwa cheo ambacho mtu hana.

Namba yake ya Oda iulizwe, jina liandikwe, Oda ithibitishe. Kabla ya kumkabidhi vitabu, si baada!

Elimu yenyewe imebadilika. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, tarehe 12 Septemba 2012, na waliosomea mpango wa hesabu wa 1976 wakalazimika kujifunza SYSCOHADA, mfumo wa hesabu wa umoja huo. Nayo ikarekebishwa, ikaanza upya tarehe 1 Januari 2018. Mjanja mwenye muhuri hajajifunza lolote kati ya hayo. Daftari lake likifunguliwa, tarakimu ni za penseli, nyingine zimefutwa kwa raba, na kati ya tarehe 4 na tarehe 9 ameacha mistari mitupu ya kujazia baadaye. Sheria ya hesabu ya OHADA inakataza nafasi tupu na inakataza kufutafuta. Watu wa kodi wakifika, anayebanwa ni mwenye duka. Mwenye muhuri ameshaondoka.

Kwa sheria hiyo hiyo, muuzaji mdogo, mwenye mauzo ya mwaka yasiyofikia thamani ya faranga milioni 60 za CFA, anaruhusiwa mfumo mwepesi: pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, kila siku, kwa wino. Karatasi zake, risiti na fakitire, zitunzwe miaka 10.