Boksi la Viatu Chini ya Kitanda

Wadogo zangu, leo nina barua moja tu ya kujibu. Nimeisoma mara tatu na kila mara imenishika moyo.

Imetoka kwa mdogo wangu mzaliwa wa pwani ya Kenya, sasa yuko Marekani. Mumewe, kijana wa huko huko kwetu, alijiunga na jeshi la nchi kavu la Marekani akiwa na kadi ya kijani tu. Akapelekwa Iraq mwaka 2008, akarudi mzima, akala kiapo cha uraia, akaacha jeshi. Siku hizi kifua kinambana usiku hadi anaketi kitandani kutafuta pumzi. Alipokwenda kuulizia haki zake za askari mstaafu, akaambiwa karatasi yake ya kuacha jeshi haionyeshi kwamba aliwahi kukanyaga Iraq. Isitoshe, jina limepinduliwa: la babu liko mbele, lake mwenyewe liko nyuma. "Dada," ameandika, "amezitia karatasi zote kwenye boksi la viatu na kulisukuma chini ya kitanda. Nikilitaja tu, anatoka nje."

Mdogo wangu, boksi hilo nalijua. Shemeji yangu alikuwa na lake, akalikalia miaka sita.

Siku ya kutoka jeshini, shemeji alipewa ile karatasi wanayoiita DD 214 aipitie kisha atie saini. Alikuwa na tiketi ya ndege mfukoni, na nyumbani kulikuwa na mtoto aliyezaliwa yeye akiwa mbali. Akatia saini bila kusoma. Karani wa kambi alikuwa ameruka miezi yake ya vitani, na medali mbili hazikuandikwa. Alipokuja kugundua, aliona aibu kurudi kuuliza, kama kwamba yeye ndiye aliyekosa. Ndicho ninachokiogopa kwa mumeo. Mwanamume aliyeambiwa "hukuwako" mahali alipozika rafiki haoni kosa la karani. Anaona ameitwa mwongo. Kwa hiyo usianze naye kwa fomu. Anza na kifua: aende hospitali kwanza, wiki hii, karatasi iwe sawa au isiwe sawa.

Ndipo mlitoe boksi.

Sisi tulilimwaga lote juu ya meza ya kulia. Zilitoka risiti, picha zilizokunjika pembe, cheti cha mafunzo ya udereva wa malori, na rundo la slipu za mshahara alizokuwa akizihifadhi bila kujua kwa nini. Dada yangu ndiye aliyeiona. Kwenye slipu ya mwezi mmoja kulikuwa na mstari mdogo: dola 225, posho ya eneo la hatari. Mwezi uliofuata, 225 tena. Jeshi halimlipi posho hiyo mtu aliyelala nyumbani. Chini kabisa tukapata na amri ya safari, yenye jina la kikosi na tarehe ya kuondoka. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shemeji alikuwa na daftari, ila hakuwa amelifungua.

Mdogo wangu, tazameni DD 214 yenu mstari kwa mstari. Kisanduku cha 1 ni jina. Cha 12 ni muda wa utumishi, pamoja na ule wa nje ya nchi. Cha 13 ni medali. Cha 18 ni maelezo, na huko ndiko jeshi la nchi kavu huandika kwamba mtu alitumikia Iraq tangu tarehe hii hadi ile. Tieni alama ya penseli kwenye nakala, kamwe si kwenye karatasi halisi.

Kisha ombeni faili lake zima. Majalada ya askari waliotoka yanashughulikiwa na kituo cha kumbukumbu kilichoko St. Louis, Missouri, chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Mumeo anaweza kuomba kwa intaneti au kwa fomu iitwayo SF 180, nayo lazima iwe na saini yake. Halipi chochote. (Kama kuna mkwe wako mzee aliyetumikia zamani na anaambiwa faili lake halipo, huenda si uongo: Julai 12, 1973 moto uliteketeza hapo majalada kati ya milioni 16 na 18, na wale wa jeshi la nchi kavu waliotoka kati ya 1912 na 1960 ndio walioumia zaidi. Hata hao husaidiwa, kwa kuunganisha vipande kutoka ofisi nyingine.)

Kitu kimoja kinawapotezea watu miaka, na nataka kikukae. Wizara ya Maveterani, wenyewe wanaiita VA, haina kalamu ya kuigusa DD 214. Itamtibu mumeo na itapokea madai yake, lakini cheti kinarekebishwa na jeshi lenyewe. Msisimame kwenye mlango mmoja mkisubiri wa pili ufunguke. Madai yaende VA sasa hivi na nakala za slipu na amri ya safari, huku ombi la marekebisho likienda jeshini.

Na kwa nini mstari huo mmoja wa Iraq una uzito kiasi hicho? Huko kambini taka za kila namna zilichomwa kwenye mashimo ya wazi: plastiki, matairi, dawa, mafuta. Walilala ndani ya moshi ule. Agosti 10, 2022 Rais Biden alitia saini sheria ya PACT, na kwa sheria hiyo askari aliyetumikia Iraq akapata baadaye maradhi yaliyotajwa, pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini ikiwemo, hadaiwi tena kuthibitisha kwamba moshi ndio uliomdhuru. Anachodaiwa ni kuonyesha kwamba alikuwako.

Ikiwa kosa ni la wazi na uthibitisho upo, huenda msihitaji bodi yoyote. Andikeni kwa ofisi ya watumishi ya jeshi lake, barua ya ukurasa mmoja: karatasi inasema hivi, ukweli ni huu, ushahidi nimeuambatanisha. Wakikubali, mara nyingi hawaichapi DD 214 upya. Hutoa karatasi ya marekebisho, DD 215. Shemeji alipoipokea alivunjika moyo kidogo, alitaka ile ya zamani ifutwe. Ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Ziwekeni pamoja na zitoeni pamoja kila mnapoulizwa.

Wakikataa, ndipo mnakwenda kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi. Bunge la Marekani liliziwekea bodi hizi msingi mwaka 1946, na wanaoketi humo ni raia, si makamanda. Fomu yake ni DD 149, haina malipo. Sheria inataka uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipoligundua kosa, lakini bodi inaweza kukusamehe ucheleweshaji ikiona haki inadai hivyo. Fomu ina mahali pa kueleza kwa nini umechelewa. Msipaache patupu. Aandike ukweli wake: sikuisoma siku ile, niliona aibu, nimeugua, mke wangu amenisaidia kuanza. Hayo ni maelezo ya heshima.

Jueni pia bodi inaanzia wapi. Inaanza kwa kuamini kwamba jeshi lilifanya sawasawa, na ni juu ya mwombaji kuonyesha vingine. Hawamjui mumeo. Hawatakisikia kikohozi chake usiku. Wana karatasi tu, basi karatasi ndizo ziseme. Aombe jambo moja moja kwa jina lake: "naomba kisanduku cha 18 kiongezwe utumishi wangu Iraq tangu tarehe hii hadi hii." Nimesoma ombi la mtu lililojaa kurasa nane za uchungu, uchungu wa kweli kabisa, lakini nilipofika mwisho sikujua anaomba nini. Uchungu huo akuambie wewe, amwambie mshauri wake, amwage machozi. Kwenye fomu aweke tarehe.

Zenye nguvu kubwa kuliko wengi wanavyofikiri ni barua za mashahidi. Atafute watu wawili watatu waliokuwa naye. Asiwaombe waseme yeye ni mtu mwema. Wema wake haujakanushwa na mtu. Waseme walichokiona. "Nilikuwa katika kikosi hiki, kwa cheo hiki. Yeye alikuwa dereva wa lori la nyuma yangu. Tulilala hema moja tangu mwezi huu hadi ule. Shimo la taka lilikuwa upande wa pili wa ukuta." Tarehe, saini, mawasiliano. Barua ya namna hiyo, hata ikiwa ya mistari kumi, inashika. Na nakuonya, simu ya kwanza kwa rafiki wa zamani itakuwa nzito kwake. Shemeji alipiga, wakanyamaza wote wawili muda mrefu, kisha wakaongea hadi usiku wa manane. Tangu hapo wanapigiana.

Sasa hilo jina. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu. Kwao wanataka la kwanza, la kati na la ukoo. Majina yetu yakiingia kwenye visanduku vile yanatangatanga. Kuna waliokuja na jina moja kwenye pasi, viza ikawaandika FNU, herufi za kusema jina la kwanza halijulikani, na watu wakawaita hivyo hivyo. Ndugu zetu Wakongomani waliopitia makambi ya wakimbizi wengi wamebandikwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa. Lakini hapa kuna jambo la kupima kabla ya kuandika. DD 214 inachukuliwa kama picha ya siku ile aliyoondoka. Kama mkataba wake wa kujiunga, ule wa fomu DD 4, una jina sahihi na karani akalipindua baadaye, hilo ni kosa na mna hoja. Kama aliingia jeshini na jina hilo hilo lililopinduka, kisha akalinyoosha alipopata uraia, mara nyingi bodi husema cheti kilikuwa sahihi kwa siku yake. Hapo msipoteze nguvu. Cheti cha uraia kinachoonyesha jina jipya kikae ndani ya bahasha moja na DD 214. Kwa hiyo faili likija, utafute mkataba huo kwanza.

Nanyi mlioniandikia kwa siri, mliotolewa bila heshima kamili, sijawasahau. Njia yenu ni fomu DD 293 ikiwa haijapita miaka 15 tangu mtoke, na DD 149 ikiwa imepita. Tangu 2014 bodi zimeagizwa kuyatazama kwa upana na huruma maombi ya walioumizwa akili na vita, na mwaka 2017 maelekezo yakawataja wazi na waliodhulumiwa kingono wakiwa kazini. Mliopata uraia kupitia jeshi, onaneni na wakili kabla ya kuandika lolote, kwa sababu kutolewa vibaya kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima kunaweza kuugusa uraia wenyewe. Nitawaandikia kwa kirefu, hili linataka nafasi yake.

Mdogo wangu, usimlipe mtu anayekuahidi "kuisafisha" karatasi. American Legion, DAV na VFW wana wasaidizi wa kujaza fomu bila malipo, na kaunti nyingi zina ofisa wa maveterani. Wala usiirushe picha ya DD 214 kwenye makundi ya WhatsApp kuomba ushauri, namba zake za siri zimo humo.

Na boksi hilo asilifungue peke yake usiku. Litoeni Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa nje, chai iko mezani. Picha zikitoka, muache azitazame kwanza. Slipu zitangoja.