Mdudu Mweusi Mtoboa Matawi ya Mibuni

Ndugu mkulima wa kahawa ya Robusta, hasa wewe wa Kagera na jirani yako wa upande wa Uganda, huenda umekwisha kuona jambo hili katika kibanja chako. Mbuni umesimama, majani yake ni mabichi, lakini tawi moja limekauka toka katikati mpaka nchani, na kahawa changa zimenyauka juu yake. Wengine husema ni jua. Jua halichagui tawi moja katika mti mmoja.

Likate tawi hilo, uligeuze na kutazama upande wa chini, pale ukavu ulipoanzia. Utaona tundu dogo kama lililochomwa kwa sindano, na pengine unga mweupe umetoka ndani yake. Pasua tawi kwa kisu. Katika kiini utakuta chumba chembamba, na humo mdudu mweusi anayeng'aa, ambaye urefu wake haufiki milimeta 2, pamoja na mayai na mabuu weupe wasio na miguu. Wataalamu humwita Xylosandrus compactus. Asili yake ni Asia. Nchini Uganda alionekana mara ya kwanza mwaka 1993 katika wilaya ya Bundibugyo, kisha akaenea katika mashamba ya Robusta, na Kagera pia amefika.

Sasa angalia sana, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mdudu huyu hali mti. Yeye naye ni mkulima. Jike huja amebeba mbegu za ukungu katika kifuko kidogo mwilini mwake, na akiisha kutoboa tawi huzipanda katika kuta za chumba chake. Ukungu ukiota, yeye na watoto wake huula. Tawi hufa kwa kuwa kiini chake kimechimbwa, na ukungu ulioingia pamoja naye huzidi kuliua. Watoto wengi ni majike. Madume ni wachache, wadogo zaidi, wala hawaruki. Hupandana na dada zao humo humo ndani. Kwa hiyo kila jike atokaye tunduni yu tayari kutaga, na mmoja tu akitua katika shamba safi atosha kuanzisha ukoo mzima. Toka yai mpaka mdudu mzima ni karibu mwezi mmoja.

Basi tawi lililokauka si takataka tu, ni nyumba yenye watu. Ukilikata na kulitupa chini ya mgomba, wale waliomo watamaliza kukua na kutoka, nawe utakuwa umejichosha bure. Likate, lichome moto siku ile ile. Mama wa nyumbani akilitaka kwa kuni, vema, ila liingie jikoni leo. Lisilundikwe nyuma ya nyumba kungojea likauke. Pita shambani hivyo kila baada ya majuma mawili, ili uwakute kabla hawajaruka.

Katika kukata usiwe na hasira. Kata chini kidogo ya tundu, mahali penye mti mzima, usifyeke tawi lote mpaka shinani. Tawi la kuzaa la mbuni huota mara moja tu mahali pake. Likiondolewa lote halirudi hapo tena. Ukibakiza kipande kizima chenye vifundo, kitaweza kutoa vitawi vipya vya pembeni, na hivyo huzaa.

Tena usichanganye ugonjwa huu na mnyauko fuzari, ambao ulithibitika Kagera mwaka 1997. Mnyauko huua mti wote: majani hupukutika, na ukikwangua gome la shina utaona mti umegeuka rangi ya samawati iliyoiva kuelekea weusi. Mbuni wa namna hiyo ung'olewe na kuchomwa papo hapo. Lakini mbuni uliotobolewa matawi si wa kung'oa. Ukiwa na shaka, mwite bwana shamba autazame kabla hujatia jembe.

Mdudu huyu hupenda kivuli kizito na unyevu. Punguza matawi ya miti ya kivuli, pogoa mibuni, ondoa maotea yasiyotakiwa, hewa ipite. Jua pia ya kuwa hali kwenye mibuni peke yake: aina za mimea anayoishambulia zapita 200, miongoni mwao mparachichi, mkakao na msizi. Mkulima asafishaye mibuni na kuuacha mparachichi ulio mlangoni ukijaa vitawi vikavu amefanya nusu ya kazi.

Dawa ya kunyunyiza humpata kwa shida, kwa sababu maisha yake karibu yote yamo ndani ya mti. Basi usinunue kabla ya kuuliza ni ipi iliyoruhusiwa, na kwa kipimo gani. Mtego wa chupa ya plastiki iliyokatwa madirisha, ikatiwa spiriti, huwavuta majike, kwani mti ulio dhaifu nao hutoa harufu ya namna hiyo. Mtego hukujulisha kama wamefika, lakini hauwamalizi. Huko Uganda wataalamu wameona pia sisimizi wadogo wa jamii ya Plagiolepis wakiingia katika matundu na kumla mdudu huyu. Sisimizi wa namna hiyo waache, hata wakikukera wakati wa kuchuma.

Mwisho, habari ya miche. Mdudu huruka mwenyewe, lakini safari ndefu mara nyingi hupelekwa na sisi watu. Kabla ya kupokea mche, hata ukiwa zawadi ya shemeji, upitishe kidole chini ya kila kitawi na kwenye kishina chake. Ukikuta tundu, uchome huko huko kitaluni, usiulete nyumbani.