Maumivu ya Nyongo Yanapotulia Ghafla

Hapa Nduguti, wilayani Mkalama, kama kwingine nchini Tanzania, tumbo linalouma chini ya kifua hupewa jina la vidonda vya tumbo kabla mwenye tumbo hajapimwa. Mgonjwa hununua vidonge vya kupunguza asidi duka la dawa, huacha pilipili na maharage, na maumivu yakirudi hununua tena. Mara nyingine jina hilo huwa sahihi. Ila yapo maumivu yanayokaa jirani kabisa na ya vidonda, ambayo yakikosewa jina kwa siku tatu nne humfikisha mtu chumba cha upasuaji usiku wa manane. Hayo ni maumivu ya kifuko cha nyongo.

Ini la mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kwa siku. Sehemu yake huhifadhiwa katika kifuko chenye urefu wa sentimita 7 hadi 10, kilichojibanza chini ya ini upande wa kulia, ambacho hujikamua kila chakula chenye mafuta kinapoingia utumbo. Humo ndimo mawe hujijenga, polepole, kwa miaka. Wengi huzeeka nayo bila kujua. Balaa huanza jiwe linapokwama mlangoni: kifuko hushindwa kumwaga kilichomo, huvimba, na ukuta wake hukazwa hadi vimishipa vya damu vinabanwa. Nyama isiyopata damu hufa. Huanza kubadilika rangi, huwa nyeusi, huoza; bakteria hustawi, na ukuta uliooza hutoboka na kumwaga nyongo na usaha tumboni. Kuoza huko ndiko madaktari wanakokuita gangrini.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Ukuta unapokufa, mishipa ya fahamu iliyomo nayo hufa. Mgonjwa aliyekuwa akijikunja kwa siku mbili anaweza kuamka asubuhi na kusema amepata nafuu, ndugu wakashukuru na bodaboda iliyoitwa ikarudishwa. Nafuu ya kweli huja pamoja na homa kushuka, hamu ya kula kurudi na mwili kupata nguvu. Maumivu yakipungua huku mapigo ya moyo yanakwenda mbio, jasho jembamba linamtoka, anachanganyikiwa au tumbo limekuwa gumu likiguswa, hali imezidi kuwa mbaya.

Kabla ya kufika huko, dalili huwa zinajieleza. Maumivu hushika chini ya mbavu za kulia au katikati juu ya kitovu, huenda mgongoni au bega la kulia, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta. Yakiisha ndani ya saa chache, jiwe huenda limesogea, na mgonjwa anastahili kupimwa altrasaundi kwa utaratibu. Yakipita saa sita, au yakiandamana na homa na kutapika, hiyo ni dharura. Macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi huashiria kwamba njia kubwa ya nyongo nayo huenda imeziba.

Mganga hubonyeza chini ya mbavu za kulia na kumwomba mgonjwa avute pumzi. Akikatiza pumzi katikati kwa uchungu, shaka huongezeka. Kipimo hicho kina jina la John B. Murphy, daktari wa upasuaji wa Chicago, na hakihitaji umeme wala mashine, kwa hiyo hata zahanati ya kijijini inakimudu. Wazee na wenye kisukari wanahitaji jicho la ziada: kifuko chao huoza kwa urahisi zaidi, na wao hulalamika kidogo zaidi. Mzee aliyeacha kula ghafla na ana homa, hata kama anasema tumbo linamsumbua kidogo tu, apelekwe. Watoto na vijana wenye selimundu nao hupata mawe mapema, kwa sababu chembe zao za damu huvunjika kila siku na mabaki yake huingia kwenye nyongo.

Woga wa hospitali haujali elimu wala fedha. Mchoraji Mmarekani Andy Warhol alijua kwa miaka kwamba nyongo yake ni mbovu, akawa anakwepa upasuaji. Alipokubali, mwezi Februari 1987, madaktari wa New York walikuta kifuko kimeshaoza. Alifariki siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 58.

Wengine hukwepa kisu kwa kunywa mafuta ya mzeituni na maji ya limao, kisha huonyesha vidonge vya kijani vilivyotoka chooni kama ushahidi. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilieleza kisa cha mwanamke wa aina hiyo huko New Zealand. Maabara ilipochunguza “mawe” yake ilikuta ni asidi za mafuta, yaani sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta yenyewe. Mawe yake halisi yalikuwa bado kwenye kifuko, yakaja kutolewa kwa upasuaji.

Kwa familia ya Mkalama, njia huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali yenye altrasaundi na daktari wa upasuaji. Zipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida na, kwa walio upande wa kaskazini, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ng'ambo ya mpaka wa Manyara, inayohudumu tangu 1955. Ni busara kupiga simu kwanza na kuuliza kama daktari wa upasuaji yupo. Safarini mgonjwa asile chochote, na anayemsindikiza abebe dawa zote alizokwisha kutumia, za kienyeji zikiwemo, bila kuzificha.

Hospitalini atawekewa dripu, dawa ya maumivu na antibayotiki za sindano. Hizo hutuliza maambukizi lakini haziwezi kufufua nyama iliyokufa. Kifuko kilichooza hutolewa, na haraka. Mgonjwa aliye dhaifu mno kwa upasuaji anaweza kwanza kuwekewa mrija wa kumwaga usaha. Kazi hii si ngeni: daktari wa upasuaji Carl Langenbuch alikitoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa wake mjini Berlin, Ujerumani, mwaka 1882.

Swali la ndugu huwa moja: ataishije bila nyongo? Nyongo yenyewe inabaki, maana ini linaendelea kuitengeneza na kuitiririsha moja kwa moja kwenye utumbo. Baada ya majuma machache atakula ugali wa uwele na mlenda kama zamani, ingawa vyakula vya kukaanga huweza kumharisha mwanzoni. Akipasuliwa kwa jeraha kubwa, jembe na ndoo za maji vingoje majuma sita hivi. Homa, macho ya manjano au usaha kwenye mshono vikijitokeza, arudi hospitali siku hiyohiyo.